Yatima Mwenye Baba

  

Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja aliuliza suala lililonyamazisha baraza zima. Alisema: Mtu akiandika katika fomu ya basari kwamba mwanawe ni yatima, na hali yeye mwenyewe yu hai na ana uwezo, akapewa fedha, mwana akasoma chuo kikuu, je, fedha hizo ni halali au ni haramu? Na yule aliyetia sahihi kushuhudia, ana dhambi gani? Na sisi majirani tunaojua kisha tukanyamaza, hali yetu ni ipi?

Baadhi ya waliohudhuria walitabasamu, kwani jambo lenyewe si geni. Mimi sikuweza kutabasamu, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Nilimwambia kijana yule kwamba suala lake ni masuala matatu, na kila moja lataka jawabu lake; nikaahidi kuyaandika hapa ili yawafikie na wasiohudhuria.

FEDHA HIZI NI ZA NANI

Kwanza yatupasa tujue tunazungumza juu ya fedha gani, maana wengi huzichanganya. Ziko namna mbili. Namna ya kwanza ni mkopo. Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1974, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo vijana wetu huiita HELB. Namna ya pili ni msaada usiorudishwa, nao ndio basari. Huo umekuwa ukitoka katika mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ulioanzishwa mwaka 2003, na katika serikali za kaunti zilizoanza mwaka 2013, mbali na mashirika na watu wenye kujitolea. Mwana wa Faza au wa Matondoni anayeitwa Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi, au Mombasa, au Nairobi, huanza kuzihesabu nauli za mashua na za basi kabla hata ya ada, na milango hiyo ndiyo anayoigonga.

Najua kuna atakayeniuliza juu ya faida ya asilimia 4 ambayo Bodi imekuwa ikiitoza mikopo yake. Hilo ni suala zito la riba, nalo lastahili makala yake peke yake. Hapa nasema hili tu: kuwapo kwa riba hakumhalalishii mtu kusema uwongo ili akopeshwe, wala hakumhalalishii kuila rasilimali aliyokopeshwa.

Fedha hizi zote zina sifa moja: haziwatoshi wote wanaoziomba. Kwa sababu hiyo hutafutwa mwenye haja zaidi. Mpango wa kugharamia vyuo vikuu ulioanza mwaka 2023 uliwapanga wanafunzi kwa uhitaji wa nyumba zao. Mwaka 2024 madaraja yalikuwa matano, na wa daraja la chini kabisa walipangiwa udhamini wa asilimia 70 ya gharama ya masomo, na wa daraja la juu asilimia 30. Mpango huo ulipingwa mahakamani, lakini mafunzo yake yabaki wazi. Anayesema uwongo juu ya hali yake hujiteremsha daraja kwa kalamu, na kila anayeteremka kwa uwongo humsukuma mwengine aliyekuwa pale kwa haki.

Basi fedha hizi ni za nani? Si za waziri, wala si za mbunge, wala si za karani aliye nyuma ya meza. Ni za mwenye haja ambaye zimewekwa kwa jina la haja yake. Aliyezichukua bila ya haja amechukua mali ya mtu, japokuwa mtu huyo hamjui kwa jina.

MASHAHIDI WATATU

Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Qabisa bin Mukhariq, Mtume (s.a.w.) alimfundisha Qabisa kwamba kuomba si halali ila kwa watu wa namna tatu: aliyejitwika deni la kupatanisha watu, aliyepatwa na msiba ulioangamiza mali yake, na aliyefikwa na ufukara. Na kwa huyu wa tatu akaongeza sharti: wasimame watu watatu wenye akili katika jamaa zake washuhudie kwamba kweli fulani amefikwa na ufukara. Kinachochukuliwa kinyume cha hayo, akasema, ni haramu anayoila mwenye kukila.

Sasa itazame fomu ya basari. Kwa kawaida ina mahali pa sahihi ya chifu au naibu wake, mahali pa mkuu wa chuo au shule, na mahali pa kiongozi wa dini. Ni watu watatu! Hao walioichapa fomu huenda hawakuisoma hadithi ya Qabisa, lakini akili iliyo salama imewafikisha pale pale. Wametambua kwamba haja ya mtu haijulikani ofisini. Yajulikana mtaani kwake, kwa watu wenye akili wanaomjua.

Kwa hivyo ile sahihi si adabu ya kumkirimu mgeni, wala si baraka ya kumtakia mtoto kheri. Ni shahada. Na hukumu ya shahada twaijua. Amesimulia Abu Bakra kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uwongo aliinuka akakaa, akawa akilikariri neno hilo mpaka masahaba wakatamani anyamaze kwa kumhurumia. Na katika Suratin Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu atuamuru tuwe imara katika uadilifu, tushuhudie kwa ajili Yake, hata kama ni juu ya nafsi zetu au wazazi wetu au jamaa zetu, awe anayeshuhudiwa ni tajiri au ni maskini.

Hapa ndipo inaponilazimu nieleze kwa nini sikutabasamu.

KALAMU YANGU MIMI

Miaka kadha iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, alinijia mtu ninayemjua tangu utotoni. Ana majahazi mawili na duka la vifaa vya ujenzi. Mwanawe wa kiume alikuwa ameitwa chuo kikuu. Alinipa fomu iliyokwisha jazwa, na mahali pa baba palikuwa pameandikwa: marehemu.

Nikamwambia kwa mzaha, "Mbona nakuona umesimama mbele yangu?"

Akacheka, akasema, "Mwalimu, hii ni kalamu tu. Ukiandika yu hai hawakupi kitu. Wote wafanya hivi."

Mtu yule ndiye aliyetununulia pampu ya maji ya birika la msikiti. Nilimwonea haya. Nikajiambia kwamba mtoto atasoma, na kusoma ni kheri, na chifu ameshatangulia kutia sahihi. Nikatia sahihi yangu, nikagonga muhuri wa msikiti.

Katika wiki ile ile alinijia mama mmoja mjane, ameshuka mashua ya kutoka kisiwa cha Pate, pamoja na binti yake aliyeitwa chuo kikuu vile vile. Mumewe alikwenda kuvua wakati wa kusi na hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Yeye nilimtilia sahihi kwa moyo mkunjufu. Lakini aliulizwa cheti cha kifo, naye hakuwa nacho. Bahari haitoi cheti, na kwa sheria ya nchi yetu mtu aliyepotea hivyo huhukumiwa kuwa amekufa baada ya miaka saba.

Orodha ilipobandikwa ukutani, jina la mwenye baba lilikuwamo, na la yatima halikuwamo. Siwezi kuapa kwamba fedha alizopewa yule ndizo zingekuwa za huyu. Kamati ilikuwa na majina mengi mbele yake. Lakini siwezi kuapa pia kwamba sizo. Na hapo ndipo ulipo uzito: anayesema uwongo katika fomu hajui amemdhulumu nani, kwa hivyo hajui amwendee nani kumtaka radhi.

Nilikaa siku tisa, kisha nikaenda kwa rafiki yangu. Nilimwambia kwamba nimefanya khiyana na nataka tuirekebishe pamoja. Alighadhibika, akaniambia kwamba nataka kumvunjia heshima. Nikampa siku saba. Zilipokwisha, niliiandikia kamati barua kwamba shahada yangu haikuwa kweli na nimeirudi. Fedha zilizobaki zilizuiliwa, na baba akamlipia mwanawe mwenyewe. Alimlipia yote, wala hakuuza jahazi hata moja. Miaka miwili hakunijibu salamu. Yule binti watu wa msikiti walimchangia, akaenda mwaka uliofuata. Lakini mwaka mmoja wa umri wa mtu haulipwi kwa mchango, na ule wa kwake uko juu ya shingo yangu. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, naye mwenyewe nimemtaka radhi.

HOJA ZA WENYE KUTETEA

Tangu wakati ule nimezisikiliza hoja za watu katika jambo hili, nami nitazitaja kama zinavyosemwa.

Hoja ya kwanza: mali ya Serikali haina mwenyewe. Jawabu ni kwamba mali ya umma ina wenyewe wengi, na hilo laongeza dhambi wala halipunguzi. Baada ya vita vya Khaibar aliuawa mtumishi mmoja kwa mshale, na masahaba wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume (s.a.w.) akawaeleza kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa yamuwakia moto. Aliposikia hayo, mtu mmoja akaleta ukanda wa kiatu aliokuwa ameuchukua. Shuka moja na ukanda wa kiatu! Ada ya muhula mmoja wa chuo ni shuka ngapi? Na katika Suratu Aali Imran, aya ya 161, twafundishwa kwamba mwenye kufanya khiyana katika mali ya namna hii atakuja nayo Siku ya Kiyama.

Hoja ya pili yasemwa sana kwetu, nayo yataka kujibiwa kwa insafu: Serikali imewasahau watu wa Lamu tangu uhuru, basi tunachokichukua ni haki yetu tuliyonyimwa. Nami sikatai kwamba tuna malalamiko. Na mwenye kusoma aweza kuniletea masala ya dhafari yaliyomo katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi: kwamba mwenye haki akinyimwa na mdaiwa wake, aweza kuichukua haki yake katika mali ya mdaiwa huyo akiipata. Lakini masala hayo yana masharti. Haki iwe ni yake yeye hasa na imethibiti. Achukue kadiri yake bila ya kuzidisha. Na achukue katika mali ya yule aliyemdhulumu. Je, mwenye majahazi mawili anamdai nani ada ya mwanawe? Na fedha alizozichukua zilikuwa za aliyemdhulumu, au zilikuwa za mjane wa Pate? Kama Lamu imedhulumiwa, basi yule mjane kadhulumiwa mara mbili: mara ya kwanza na walio mbali, na mara ya pili na jirani yake.

Tena tukumbuke usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamemwudhi Mtume (s.a.w.) na masahaba zake, na usiku ule walikusudia kumuua. Hata hivyo zilikuwako kwake amana za watu wa Makka, naye alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirudishe kwa wenyewe. Hakusema kwamba hawa wametudhulumu, basi tuzichukue badala ya majumba yetu. Sisi dhulma tuliyofanyiwa imefika kadiri hiyo?

Hoja ya tatu: mtoto amesoma, na ilimu ni kheri. Nasema kwamba kheri haijengwi juu ya haki ya mwengine. Tena tumtazame mtoto mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na minane anaandikiwa na babake kwamba babake amekufa, kisha anapewa kalamu atie sahihi chini yake. Hilo ndilo somo lake la kwanza la chuo kikuu. Kesho akiwa daktari, au karani wa bandari, au mhasibu wa kaunti, tutashangaa nini akiandika dawa ambazo hazikuletwa na wafanyakazi ambao hawako? Tulimfundisha sisi, msikitini, kwa muhuri.

Hoja ya nne ni ya wale wasemao: mimi sikuandika uwongo, nimetumia nafasi tu. Tusidhani maradhi haya ni ya maskini wa pwani peke yao. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba wazazi wenye uwezo katika viunga vya Chicago, Marekani, walikuwa wakienda mahakamani kuwahamishia jamaa au marafiki ulezi wa watoto wao waliokaribia umri wa utu uzima. Mtoto akishatoka mikononi mwa wazazi wake kwa karatasi, mapato yao hayahesabiwi, naye huomba msaada wa masomo kama asiye na kitu. Mahakama zilikubali na karatasi zilikuwa sahihi. Hata hivyo kila mwenye akili aliona kwamba wazazi wamewafanya watoto wao mayatima wa karatasi ili wale sehemu ya maskini. Hiyo ni hila iliyovaa kanzu ya sheria. Na jambo hilo lilianza kujulikana vipi katika Chuo Kikuu cha Illinois? Mshauri wa wanafunzi katika shule moja ya sekondari alipiga simu kuuliza: mbona mtoto huyu ninayemjua ni wa watu wenye uwezo amealikwa katika mkutano wa wanafunzi wa nyumba zenye kipato kidogo? Lilikuwa ni suala moja tu, la mtu mmoja aliyekuwa akijua.

KUNYAMAZA NA KUSEMA

Hapo twafikia suala la tatu la yule kijana, nalo ndilo gumu kwetu, kwani miji yetu ni midogo na sote ni jamaa. Watu husema: kumchongea Mwislamu ni fitina, na tumeamrishwa tumsitiri ndugu yetu.

Wafasiri wanasimulia juu ya aya za 105 mpaka 112 za Suratin Nisaa kwamba mtu mmoja wa Madina aliiba deraya, na jamaa zake wakasimama kumtetea kwa Mtume (s.a.w.), huku lawama ikimwangukia Myahudi asiyekuwa na kosa. Zikateremka aya za kukataza kuwatetea wenye kufanya khiyana, na za kueleza kwamba mwenye kumtupia asiye na hatia dhambi yake mwenyewe amebeba mzigo mkubwa. Ujamaa haukuwa hoja, wala dini ya yule Myahudi haikuwa hoja. Na katika Suratil Baqara, aya ya 283, twakatazwa kuficha ushahidi, na mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambini.

Ama usengenyaji, Imamu Nawawi ameyahesabu katika Riyadhus Salihin mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa kosa lake, na miongoni mwake ni kupeleka malalamiko ya dhulma kwa mwenye mamlaka, na kutaka msaada wa kuuondoa uovu. Na Anas amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha kumsaidia ndugu aliyedhulumu na aliyedhulumiwa, alipoulizwa vipi asaidiwe mwenye kudhulumu, akajibu kwamba ni kwa kumzuia. Basi kumzuia rafiki yangu kulikuwa ndiko kumsaidia, na muhuri niliompigia ndio uliokuwa khiyana juu yake.

Lakini kusema nako kuna adabu, na asiyeishika hutoka katika dhambi moja akaingia katika nyengine. Suratil Hujurat yatuamuru tuhakikishe khabari kabla ya kuitenda, na yatukataza dhana mbaya. Na sisi watu wa Lamu tuna sababu ya peke yetu ya kujihadhari. Kuna nyumba za mawe katika mitaa yetu zenye milango ya nakshi na madaka ya kale ambazo ndani yake hakuna chakula cha kesho. Nyumba ni ya urithi, na wenyewe hawana pato. Anayehukumu kwa mlango atamdhulumu mwenye nyumba. Na kuna nyumba za makuti ambazo mwenyewe ana fedha nyingi ng'ambo. Aya ya 273 ya Suratil Baqara yawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Hao ndio wanaoshindwa mbele ya fomu, kwani mwongo hana haya ya kujaza kila mstari, na mwenye haya huacha nusu ya haja yake bila ya kuandikwa. Kwa hivyo kazi ya shahidi haiishi kwa kumkataa mwongo. Yampasa pia kumtafuta anayenyamaza.

LA KUFANYA

Wazazi wenye uwezo wasiombe, na mwenye uwezo wa nusu aseme ni nusu. Mwanafunzi aliyepata basari ya eneo bunge, na ya kaunti, na ya shirika, mpaka zikapita ada yake, aeleze kwa waliompa. Kisichokuwa cha ada si chake. Aliyeahirisha masomo au kuyaacha asiendelee kupokea mkopo kwa jina la masomo. Wala mwanafunzi asimpe dalali kitambulisho chake na neno lake la siri ili amjazie maombi. Wengine wameona baadaye kwamba waliombewa kwa khabari ambazo hawakuzisema, na deni ni lao.

Maimamu na machifu wasome kabla ya kutia sahihi, na wasitie sahihi kwa mtu wasiyemjua. Msikiti uweke daftari la kila fomu iliyopigwa muhuri, na muhuri usikae kwa mtu mmoja. Mimi sasa sitii sahihi ila wawepo wazee wawili wa mtaa wa mwombaji, nasi tukiwa watatu twatimiza sharti la Qabisa.

Kamati zihakikishe vyeti kwa waliovitoa. Majirani zetu wa Tanzania, ambao Bodi yao ya mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, wamemtaka mwombaji ahakikishiwe cheti chake cha kuzaliwa, na yatima cheti cha kifo cha mzazi, na wakala wa usajili, yaani RITA kwa Bara na wakala wa Zanzibar kwa Visiwani. Jambo hilo lawezekana na kwetu. Ila pawe na mlango kwa ambaye babake ameliwa na bahari, ushahidi wa mtaa wake ukubaliwe mahali pa cheti. Kisha orodha ibandikwe mahali watu wapitapo, kwani watu watatu wa mtaani hujua yale ambayo ofisi haiyajui.

Na ukijua khiyana kwa yakini, anza kwa nasaha ya siri. Asiporudi, mwandikie aliyetoa fedha: ofisi ya basari, chuo, au Bodi. Ikiwa khiyana imo ndani ya ofisi yenyewe, kama majina ya wanafunzi wasiokuwako au hongo, hilo ni la Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo hupokea khabari hata kwa asiyetaja jina lake. Sheria ya kupambana na ufisadi ya mwaka 2003 ina kifungu cha kumlinda mtoa khabari, na Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 yamlazimu mwenye madaraka aliyejua au kushuku rushwa aripoti ndani ya saa 24. Sema ulichokiona, wala usiongeze ulichokisikia barazani.

Ama aliyekwisha kula, mlango wa toba u wazi, lakini toba ya haki ya watu haitimii kwa istighfari peke yake. Sharti irudishwe. Airudishe katika mfuko alioitoa, na asipoweza yote airudishe kidogo kidogo.

Basi jawabu la yule kijana ni hili. Fedha zile ni haramu kwa aliyezichukua. Sahihi ile ni ushahidi wa uwongo kwa aliyeitia, nami nilikuwa mmoja wao. Na kunyamaza kwa mwenye kujua, na hali aweza kusema bila ya kupata madhara, ni kuficha ushahidi.

Rafiki yangu sasa hunijibu salamu. Pampu yake yangali ikivuta maji ya birika, nami kila nikitawadha humwombea dua, na hujiombea pia. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi wa kweli hata juu ya nafsi zetu, awatoshelezee mayatima wetu, na azisafishe kalamu zetu kabla ya kuzikabidhi kwa wanetu. Amin.